Kwa Nini Hawakupigana? Kuwafundisha Watoto Historia ya Upinzani dhidi ya Biashara ya Utumwa katika Nachingwea na Ruangwa



Katika kipindi kimoja cha mafundisho, baada ya watoto kusimuliwa maisha ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, kijana mdogo aliinua mkono akauliza: “Padre, mababu zetu walikuwa wengi. Kwa nini hawakupigana?” Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtoto anayeamini kwamba wazee wake walifungwa minyororo wakanyamaza tu hubaki na aibu isiyo yake, na aibu hiyo huzaa ama dharau kwa asili yake ama chuki kwa asili ya jirani yake. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wazazi, makatekista, walimu wa dini na walezi wa Utoto Mtakatifu, ili swali kama hilo likiulizwa kigangoni au nyumbani lipate jibu la kweli. Jibu lenyewe ni hili: walipinga, tena kwa njia nyingi, ila nyingi kati ya njia hizo hazikuwa za mkuki na upinde.

Watoto wa Nachingwea wanajua kwamba ardhi yao ina historia ya ukombozi. Wamesikia habari za kambi ya FRELIMO na za Samora Machel, na wanajua kwamba wapigania uhuru walioandaliwa hapa waliivuka Ruvuma hadi Msumbiji ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Ni vema wajue pia kwamba miaka mia moja kabla ya hapo watu wa nchi hii hii walikuwa wakipigania uhuru wa namna nyingine, ule wa kutouzwa.

1. Biashara ilivyoifikia nchi yetu

Katika karne ya 19 njia kuu za misafara ya kusini zilitoka pande za Ziwa Nyasa kuelekea pwani. Moja ilishukia Kilwa Kivinje, nyingine ikafuata bonde la mto Lukuledi hadi Lindi, na nyingine zikaishia Mikindani. Nchi ambayo leo ni wilaya za Nachingwea na Ruangwa imekaa kati ya njia ya Kilwa na njia ya Lindi. Mwalimu akichora ramani ubaoni na kuweka alama mahali kilipo kijiji cha watoto wake, wataona mara moja kwamba habari hii haikutokea mbali.

Kilwa ilikuwa bandari kubwa kuliko zote kwa biashara hiyo. Kumbukumbu za forodha yake zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1862 na 1867 watu wapatao 97,000 walipitishwa hapo, na wengi wao wakapelekwa Unguja. Idadi hiyo haiwahesabu waliofia njiani.

Wanunuzi walikuwa wa aina nyingi. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alipatana na Mfaransa Jean-Vincent Morice kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Ufaransa. Baadaye mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yakataka watu zaidi. Pembe za ndovu zilizobebwa na mateka ziliishia viwandani Ulaya na Marekani, na kitambaa cha pamba kilichotumika kununulia watu bara kiliitwa merikani, kwa sababu huko ndiko kilikotoka.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na soko la Unguja likafungwa. Wafanyabiashara wakawapitisha mateka kwa miguu kando ya pwani, hata ikabidi mwaka 1876 misafara ya bara nayo ipigwe marufuku. Hata hivyo utumwa wenyewe uliendelea. Utawala wa Wajerumani haukuufuta kabisa, na ni mwaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo sheria ilipouondoa rasmi Tanganyika. Wako wazee wa leo ambao bibi zao walizaliwa kabla ya mwaka huo.

2. Sura za upinzani

Kujificha na kujilinda. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na majirani zao hawakusumbuliwa na wafanyabiashara peke yao, bali pia na mashambulizi ya Wangoni waliotoka pande za Songea na kuteka watu. Vijiji vingi vya kusini vilizungushiwa maboma ya miti. Wengine waliacha mabonde yenye maji wakapanda mahali pagumu kufikika. Vichaka vizito vya uwanda wa Makonde vilikuwa kimbilio mashuhuri. Tuwaeleze watoto maana yake: mama aliyekubali kutembea mwendo mrefu kila siku kuteka maji ili watoto wake walale mahali salama alikuwa anapinga.

Kutoroka. Kiswahili kina neno mtoro, ambalo leo tunamwita mwanafunzi anayekwepa shule. Zamani lilikuwa jina la mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walikuwa wengi kiasi cha kuunda vijiji vyao wenyewe: karibu na Pangani walikuwapo Makorora, na katika pwani ya Kenya Fuladoyo. Mtu aliyeamua kutoroka usiku, katika nchi asiyoijua, akifahamu adhabu iliyomngoja, hakuwa amekubali kuwa mali ya mtu.

Kushikamana na ndugu. Hapa ndipo panapogusa mioyo ya watoto kuliko popote, nami nashauri walezi wapape muda wa kutosha. Ipo habari ya msichana wa Kiyao aitwaye Swema, iliyoandikwa na wamisionari wa Unguja na kuchapishwa kwa Kifaransa mwaka 1870. Baba yake aliuawa na simba. Njaa ikaingia, mama yake akakopa nafaka kwa jirani, akashindwa kulipa. Mdai akamchukua binti akamuuza kwa msafara uliokuwa ukielekea Kilwa. Mama hakuwa amefungwa, angeweza kubaki. Badala yake aliomba kuufuata msafara, akakubali kubebeshwa pembe ya ndovu ili asitengane na mwanawe. Nguvu zikamwishia njiani, akaachwa afe porini. Swema alifika Unguja akiwa amedhoofika hata akadhaniwa hatapona, akazikwa angali hai katika kaburi lisilo na kina. Kijana mmoja mpita njia, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion, alisikia sauti yake, akamfukua na kumpeleka kwa masista. Baadaye, akiwa katika kazi ya kuhudumia wagonjwa, aliletwa majeruhi aliyekuwa mmoja wa watu wa msafara ule. Alipambana sana na moyo wake, kisha akamsamehe.

Mama yake Swema hakumwokoa binti yake kutoka mnadani, wala jina lake halikuhifadhiwa. Lakini biashara ile ilisimama juu ya jambo moja: kumkata mtu na ndugu zake hata asiwe na wa kumwulizia. Katika makabila yetu, ambamo mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama, kukatwa huko kulikuwa kama kufa. Kwa miguu yake mama yule alikataa jambo hilo lisitimie. Mtoto aliyeuliza kwa nini hawakupigana asimuliwe habari za mwanamke huyu.

Kurudi. Wengine walipinga kwa kurudi katika nchi waliyonyang’anywa. Chuma, Myao aliyekombolewa mwaka 1861 katika nyanda za juu za Shire, Malawi ya leo, alikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa David Livingstone hadi pwani. Baadaye alikuwa kiongozi wa misafara ya ndugu zetu Waanglikana wa UMCA, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipotoka Lindi na watu wapatao hamsini waliokuwa watumwa, Chuma alikuwa nao. Nia ilikuwa kwenda hadi Nyasa, lakini walipofika Masasi watu hao walijiona wamekaribia kwao, wakajenga hapo. Mwaka 1882 Wangoni walikivamia kijiji na kuteka baadhi yao. Waliosalia hawakuiacha kazi. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mtoto na kusomeshwa Unguja, alitumwa Chitangali mwaka 1886, na mwaka 1890 akapewa daraja la upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Aliondoka kusini akiwa mateka, akarudi akiwa mchungaji.

Kusimulia. Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mtu aliyekuwa mtumwa, alichapisha kwa Kiswahili kitabu Uhuru wa Watumwa, akieleza habari za wazee wake na za makao ya waliokombolewa huko Freretown, Mombasa. Kuweka kumbukumbu nako ni kupinga, kwa kuwa biashara ile ilitaka watu wasahaulike.

3. Ukweli mgumu tusiouficha

Mlezi anayetaka kuaminiwa na vijana aseme ukweli wote. Wako waliouzwa na wageni, na wako waliouzwa na machifu wao, na majirani zao, hata na ndugu zao kwa sababu ya deni au njaa. Biblia yenyewe haikulificha jambo hili: Yosefu aliuzwa na kaka zake kwa vipande ishirini vya fedha.

Tena, shujaa wa vita moja si lazima awe shujaa wa vita nyingine. Machemba, kiongozi wa Wayao katika uwanda wa Makonde, alikataa kwa ujasiri kuwatii Wajerumani tangu mwaka 1890, akapambana nao hadi alipovuka kwenda Msumbiji mwaka 1899. Vitabu vya historia humtaja kwa heshima kwa sababu hiyo. Lakini Machemba huyo huyo alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Kijana wa sekondari anaweza kuyabeba yote mawili akiongozwa vizuri, naye atajifunza kwamba kudai uhuru wako huku unauza wa mwenzako ni uhuru nusu.

Kwa upande wetu Wakatoliki tukiri yaliyo yetu. Katika karne ya 15 zilitolewa hati za kipapa zilizowaruhusu wafalme wa Ureno kuwatia watu utumwani, na yalikuwapo mashirika ya kitawa yaliyomiliki watumwa. Mtakatifu Yohane Paulo II alipokuwa katika kisiwa cha Gorée, Senegali, mwezi Februari 1992, aliomba msamaha kwa dhambi hiyo. Hata kazi njema ya Bagamoyo, ambako tangu mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwalea watoto waliokombolewa, ilikuwa na mtego wake: mtoto aliponunuliwa ili awekwe huru, mfanyabiashara naye aliondoka na fedha. Tena maisha ya pale yalikuwa ya nidhamu kali, na baadhi ya waliokombolewa walitoroka. Kiu ya uhuru haikomi mlangoni mwa misheni.

Jambo la mwisho hapa linahitaji busara kubwa. Katika Nachingwea na Ruangwa Wakristo na Waislamu ni watoto wa tumbo moja. Tunazikana na kuozana. Historia hii isifundishwe kamwe kama mashtaka ya dini moja dhidi ya nyingine au ya rangi moja dhidi ya nyingine. Wauzaji na wanunuzi walikuwamo Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi, na waliotekwa vivyo hivyo. Waliotekwa wakafika pwani walipokea Uislamu kwa wingi, na wajukuu wao leo ni ndugu zetu. Mlezi akisikia mtoto anamtania mwenzake kwa asili ya utumwa, asimamishe somo alishughulikie hapo hapo. Aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua; aliyeuzwa hana aibu ya kubeba.

4. Kanisa linafundisha nini

Papa Paulo III mwaka 1537 alikataza watu wa asili wa Amerika wasinyimwe uhuru wala mali zao. Papa Gregori XVI mwaka 1839 alilaani biashara ya watumwa waziwazi. Papa Leo XIII aliandika dhidi ya utumwa mwaka 1888, na mwaka huo Kardinali Lavigerie akazunguka miji ya Ulaya akiwaamsha waamini. Mwaka 1890 Papa huyo aliagiza mchango wa kila mwaka siku ya Epifania kwa ajili ya kazi hiyo barani Afrika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes namba 27, unautaja utumwa na biashara ya wanawake na watoto kati ya mambo yanayomvunjia Muumba heshima. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2414, inafundisha kwamba kumfanya mtu bidhaa ni dhambi dhidi ya hadhi yake.

Watoto wa Utoto Mtakatifu wafahamu kwamba shirika lao, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, lilikusanya sarafu za watoto wa Ulaya, na sehemu ya sarafu hizo ilitumika kuwakomboa na kuwatunza watoto wa pwani yetu. Bahasha yao ya sadaka ina ukoo mrefu.

Lugha yetu inalo somo jingine. Mtumwa na mtume ni maneno ya shina moja, kutuma. Mtumwa wa sokoni alitumwa kwa nguvu, kwa faida ya mwingine. Mtume hutumwa kwa upendo, naye huitikia. Paulo, mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi, anajiita yote mawili. Kisha anapomrudisha Onesimo kwa Filemoni anaomba apokewe kama ndugu mpendwa, zaidi ya mtumwa. Waulizwe watoto: Filemoni akilipokea ombi hilo, je, anaweza tena kumuuza Onesimo?

5. Namna ya kufundisha kwa umri

Watoto wa chini ya miaka kumi waanze na kitabu cha Kutoka. Wakunga Shifra na Pua walikataa amri ya Farao ya kuua watoto. Mama yake Musa alimficha mwanawe katika kisafina. Dada yake akasimama mbali kumlinda. Hakuna kati yao aliyeshika upanga. Kisha wasimuliwe habari za mama yake Swema kwa kifupi, bila maelezo ya kaburi wala mateso.

Watoto wa miaka kumi hadi kumi na minne wachore ramani ya njia za misafara, wapime umbali kutoka kijijini kwao hadi Lindi na Kilwa, na wapewe kazi ya kuuliza nyumbani: Ukoo wetu ulitoka wapi? Ulihama kwa sababu gani? Jina la mlima au bonde letu lina maana gani? Wafundishwe kuandika jina la mzee aliyewasimulia na tarehe, na kutenganisha alichokiona mwenyewe na alichosikia. Mzee akinyamaza, asisumbuliwe. Ukimya wake una sababu.

Vijana wa TYCS na VIWAWA wasome habari za Machemba na za Majaliwa, kisha wajadili swali hili: Ni kipi kigumu zaidi, kumpinga anayekuonea, au kukataa faida inayotokana na kuonewa kwa mwingine? Wajadili pia kwa nini habari za Swema, zilizoandikwa na wamisionari waliokuwa wakihitaji misaada kutoka Ulaya, zisomwe kwa kuaminiwa na kwa kuhojiwa.

Kuna jambo moja la kuepuka. Watoto wasifungwe kamba wala kuigizwa mnada wa watumwa, hata kwa nia njema siku ya sherehe ya parokia. Mchezo wa namna hiyo humdhalilisha anayefungwa na kumfurahisha anayeshika kamba. Wakitaka kuigiza, waigize mkutano wa kijiji kinachojadili kama kimkabidhi mgeni aliyekimbilia kwao, au kimfiche.

6. Swali linalotugeuzia uso

Swema aliuzwa kwa sababu ya deni la nafaka katika mwaka wa njaa. Katika vijiji vyetu leo, ufuta usipolipa au korosho zikichelewa kulipwa, hufika mtu mwenye maneno matamu akiahidi kumpeleka binti mjini kufanya kazi za ndani na kumsomesha. Wengine hutendewa kama watoto wa nyumba. Wengine hawapati mshahara, hawaruhusiwi kupiga simu nyumbani, hawajui hata mtaa walipo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inakataza jambo hilo, na Katiba ya nchi yetu, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Lakini sheria hufika baada ya mtoto kuondoka. Anayeweza kuwahi ni mzazi anayeuliza: Anakwenda kwa nani? Nitazungumza naye lini? Nani atamrudisha? Jumuiya Ndogo Ndogo nayo iyaulize maswali hayo kabla basi halijaondoka, na ikiona dalili mbaya ipeleke habari kwa ustawi wa jamii au polisi.

Tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, Kanisa lote husali dhidi ya biashara ya binadamu. Ni siku inayofaa kwa somo hili katika kila kigango. Watoto walete majina ya ndugu walioondoka nyumbani na ambao habari zao hazijulikani, yawekwe mbele ya altare, na waamini wasali kwa ajili yao. Kisha siku ya Jumatatu mtu mzima mmoja aanze kuwaulizia. Mama yake Swema alimfuata mwanawe peke yake, wala hapakuwa na jirani aliyetoka kwenda naye.